Mguu Aliouchonga Bwana Albano

Mheshimiwa Liwali, Bwana Daktari, mafundi wa karakana hii ya Temeke, mama zangu, baba zangu, na ndugu wote mliokuja kumuaga Bwana Albano: mimi Audax, karani wenu, nimepewa nafasi ya kumsifu. Niruhusuni kwanza nikiri kosa langu.

Mwaka wa arobaini na sita askari wetu walikuwa wanarudi kutoka Burma, wengine bila miguu. Tukatangaza kazi ya fundi wa miguu ya mbao. Akaja mchonga vinyago kutoka Newala, patasi zake amezifunga kwenye kitambaa.

"Cheti kiko wapi?" nikamwuliza.

"Sina, bwana. Lakini nijaribuni."

Nikamwonyesha mlango. Kesho yake akarudi, nikamwonyesha tena. Kazi nikampa mtu mwenye cheti chenye mhuri. Miguu yake ilikuwa sawasawa kwa vipimo, ila iliwachubua walioivaa, wakaiacha mvunguni mwa vitanda.

Je, Bwana Albano alikasirika? Hapana. Aliketi barazani hapa na askari mmoja aliyepoteza mguu, Projestus wa Bukoba, akamsikiliza. Naye Projestus akamwambia jambo ambalo sisi wa ofisini hatukuwahi kumwuliza.

"Kila nikilala, mzee, ninayo miguu yote miwili. Natembea kwenye migomba ya mama, nasikia umande vidoleni. Nikiamka, mmoja haupo."

Albano akafumba macho. "Humo ndotoni unakanyagaje? Kisigino kwanza? Unyayo unaelekea nje kidogo?"

Wakazungumza hivyo siku tatu, taratibu, ungedhani wanakumbushana nchi waliyowahi kuishi pamoja. Kisha Albano akaupapasa mguu mzima wa Projestus, akachukua gogo la msufi, akaanza kuchonga.

Jumamosi asubuhi Projestus akauvaa. Akasimama, akavuka uwanja, akashika njia ya mchanga, akaenda zake bila fimbo wala kuaga, nasi tukabaki tunamtazama mpaka akapotea kwenye minazi. Alirudi adhuhuri akilia.

"Nimefika mpaka Mtoni," akasema. "Njia nzima sikuukumbuka mguu."

Ndugu zangu, ni cheti gani kingemfundisha mtu kuuliza habari za umande? Sivibezi vyeti; changu nimekitundika sebuleni. Lakini Jumatatu ile mimi mwenyewe nilimfungulia Albano mlango, nikamwomba radhi. Alinijibu neno moja tu: "Bwana Karani, koti naweka wapi?"

Leo, baada ya miaka tisa, anarudi kwao, na barua za wanaotaka nafasi yake ziko mezani kwangu. Bwana Daktari, juzi uliniuliza nani kati yao ana cheti kikubwa. Nakujibu mbele ya watu hawa: sijui, na sitatazama. Nitawaita wote. Kila mmoja ataketi na mgonjwa, atamsikiliza, atamtengenezea mguu. Atakayechagua fundi si mimi, wala si wewe, bwana. Ni yule atakayeuvaa na kutoka nao mlangoni.

Bwana Albano, safiri salama. Nanyi nyote mlionitegea masikio, nawashukuru sana.