Getruda Ngollo, Aliyeuliza "Lini?"

Waombolezaji, waheshimiwa wa Dodoma, majirani zake wa Ipuli, na ninyi watani mliokuja kuhakikisha kwamba tunazika kweli: wasifu huu umeandikwa na unasomwa na mjomba wa marehemu, Anton Lugembe, kwa sababu ukoo mzima ulikubaliana kwamba hakuna mwingine anayefaa. Wapo waliosoma kumzidi. Yeye aliishia darasa la tano, si kwa ujinga, ila mwalimu alikuwa amekwisha kufundisha yote aliyoyajua. Lakini marehemu alijifunzia maneno yake ya kwanza mapajani mwa mjomba huyu. Basi tulieni, jua bado.

Getruda Ezekia Ngollo alizaliwa tarehe 9 Mei 1962 hapa hapa Ilolangwe, mbele kidogo ya Bukene, kwenye reli ya kwenda Mwanza. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Ezekia Ngollo, mkulima na mrina asali, na mkewe Apolinaria Lugembe, dada yake mjomba, tumbo moja. Ukoo wake ni wa wapagazi. Babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora hadi pwani, akarudi na kipande cha kaniki na hadithi ambazo hazijaisha mpaka leo. Siku anazaliwa, mjomba, mtoto mdogo tu wakati huo, ndiye aliyetumwa kumwita mkunga. Alirudi na mkunga, na muwa.

Getruda alichelewa kutembea, lakini kuuliza hakuchelewa. Alikuwa akikaa na mjomba kando ya reli wakichunga mbuzi.

"Mjomba, treni inakwenda wapi?"

"Mwanza."

"Kufanya nini?"

"Kugeuza, irudi."

"Sasa si ingekaa tu?"

Mjomba alimpa asali ili anyamaze. Mawaziri waliokuja baadaye hawakuwa na asali.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari mjini Tabora, na mwaka 1983 akahitimu ualimu. Safari zote za shule alisafiri kwa treni, daraja la tatu. Hapa wageni waelezwe kitu, maana bila hicho hawatamwelewa marehemu. Jukwaa la kituo chetu ni fupi. Lilijengwa enzi treni zenyewe zilikuwa fupi. Mabehewa ya mbele yanasimama jukwaani, abiria wake wanashuka kama watu. Daraja la tatu liko nyuma, linasimama porini. Ukifungua mlango unaona kokoto na miiba, tena chini kabisa. Kwa hiyo desturi ya Ilolangwe ni hii: unatupa kwanza mzigo, halafu unajitupa mwenyewe, na aliye chini anakupokea. Mtoto wa Ilolangwe hafundishwi kuogelea, anafundishwa kushuka treni.

Hapo ndipo alipompata mume. Desemba 1984, mwalimu Getruda, na sanduku lake na kuku wawili, alifika mlangoni akakuta chini kijana amenyoosha mikono.

"Dada, niamini. Ruka."

"Kwanza niambie jina lako, na la baba yako."

Treni ikapiga honi.

"Alois wa Revocatus! Ruka, mama, treni inaondoka!"

Akaruka. Walifunga ndoa tarehe 26 Julai 1986 katika kanisa la Bukene. Mungu aliwajalia watoto watatu: Advera, na mapacha Kulwa na Doto. Mjomba alizoea kumtania kwamba jukwaa lingekuwa refu angezeekea kwao. Yeye alijibu: "Mjomba, mume mmoja ananitosha. Sasa nataka jukwaa."

Alisema hivyo akicheka, lakini si jambo la kucheka. Tarehe 3 Aprili 1997, siku ya mvua, mama yake Apolinaria alikuwa akirudi kutoka hospitali Tabora. Aliyekuwa chini kumpokea aliteleza. Dada yetu aliangukia kokoto, nyonga ikavunjika. Getruda alikuwa bado mlangoni mwa behewa, nyuma yake, anaona. Apolinaria alitembelea fimbo mpaka alipofariki, na hakupanda treni tena. Alikuwa akikaa barazani, honi ikilia anageuza uso. Kuanzia hapo Getruda hakuuliza tena treni inakwenda wapi.

Kazi ya ualimu aliifanya kwa miaka ishirini na saba, Bukene na baadaye Tabora mjini, na hapo ndipo alipojenga nyumba Ipuli. Wanafunzi wake mko wengi hapa na bado mnamwogopa, mjomba anaona mlivyokaa. Mtoto akiandika kurasa mbili nzuri, mwandiko wa kupendeza, ila hakugusa kilichoulizwa, mwalimu alimwandikia kwa kalamu nyekundu: "Hujajibu swali. Rudia." Hakuchapa. Alirudisha tu daftari, na kulirudisha tena, mpaka mtoto anatamani heri angechapwa.

Mwaka 2010 aliingia Bungeni kwa viti maalumu. Chama tunakihifadhi, leo ni msiba. Wengi wetu tulitegemea kumwona kwenye televisheni akipiga meza. Mjomba alinunua hadi betri ya kuendeshea televisheni, akawaita majirani, wakakaa wiki mbili wakitazama waheshimiwa wengine. Akampigia simu.

"We mtoto, unanitia aibu. Watu wamekunywa chai yangu yote, wewe hata kukohoa hujakohoa."

"Shikamoo mjomba. Mimi nauliza kwa maandishi."

"Marahaba. Kwa maandishi nani anakusikia?"

"Waziri. Neno la mdomo litapigiwa makofi, kisha kila mtu aende kula. Nikiandika, lazima naye aandike. Na akiandika amejifunga mwenyewe."

Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake. Mbunge anaandika swali, linapelekwa kwa Katibu wa Bunge, linakwenda wizarani, na waziri analeta jibu kwenye karatasi. Getruda aliuliza mengi kwa njia hiyo: walimu wa Sikonge, visima vya Nzega, bei ya tumbaku. Mengi yalijibiwa, na visima vingine mnavinywa. Lakini kila mwaka, katikati ya hayo, alipenyeza moja lisilobadilika: je, jukwaa la kituo cha Ilolangwe litarefushwa lini?

Mawaziri walibadilika, jibu halikubadilika. Serikali inalitambua tatizo hilo. Upembuzi yakinifu unaendelea. Kazi itafanyika kadri bajeti itakavyoruhusu. Alikuwa akitusomea majibu hayo hapa kituoni, kwa heshima zote, bila kumbeza mtu. Siku moja bibi mmoja akamkatiza: "Mayo, mama yetu, huyo Upembuzi anatoka wilaya gani, mbona hafiki?" Getruda alicheka mpaka akakaa chini. Lakini usiku huohuo alifanya alichokifanya kwa wanafunzi wake. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika chini ya jibu la waziri, "Hujajibu swali. Rudia," akalirudisha wizarani.

Waziri wa sasa, ambaye tunaye hapa mstari wa mbele, ndiye aliyepokea nyingi za karatasi hizo. Naye ni mtani. Mheshimiwa ni Mgogo wa kuzaliwa, na mababu zake ndio waliokuwa wakiwatoza mababu zetu hongo kila msafara ukipita Ugogo. Hupiti, hunywi maji, mpaka umetoa. Kwa sababu hiyo tunataniana, na kwa sababu hiyo hakuna atakachokasirikia leo. Tena mjomba ataisema na haki yake: huyu hakuwahi kumtukana Getruda, wala kumdharau. Walipokutana kantini ya Bunge alisimama, akamwambia, "Mwalimu, umenifelisha tena?" Naye akamjibu, "Huna tarehe, mwanangu. Kila kitu umeandika, tarehe huna." Jibu lake la mwisho, la Novemba mwaka jana, lilisema jukwaa lililopo linakidhi mahitaji. Ni hilo tu lililomkasirisha Getruda. Alikuwa amekwisha kuugua.

Ugonjwa wa figo ulianza mwaka 2023. Alitibiwa Dar es Salaam, kisha Dodoma, na kati ya matibabu alirudi bungeni akiwa amevimba miguu, akiandika. Alois hakutoka kando yake. Mwanzoni mwa mwezi huu alituita, akasema jambo lake kwa sauti ndogo lakini ya darasani.

"Nikifa, msinipandishe ndege. Nirudisheni kwa treni. Behewa la nyuma."

Advera alilia. "Mama, Bunge litatoa ndege hadi Tabora, na gari."

"Najua. Nawashukuru sana. Treni."

Mjomba peke yake ndiye aliyeelewa mara moja, kwa kuwa akili hiyo imetoka kwake. Alimtazama, akamwona ametabasamu upande mmoja wa mdomo, kama siku zile za mbuzi. Getruda alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, katika hospitali moja ya Dodoma, mkono wake ukiwa mkononi mwa Alois.

Yaliyotokea jana yanaingia katika wasifu huu, maana ni sehemu ya maisha yake, ingawa yeye alikuwa amelala. Treni ilifika asubuhi. Waziri alikuwa amepangiwa kusindikiza msiba, na kwa adabu yake alikataa kukaa daraja la kwanza, akakaa nyuma na jeneza. Mlango ukafunguliwa. Pori. Mvua imenyesha, majani yanafika kiunoni, kokoto zinateleza. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akiwa na viatu vyeusi vya kung'aa.

"Jukwaa liko wapi?" aliuliza.

"Linakidhi mahitaji," mjomba alimjibu kutoka chini. "Liko kule mbele."

Lakini kwanza Getruda. Vijana walitaka kupokea jeneza, Alois, aliyekuwa ametangulia kushuka, akawasogeza. Mzee wa miaka sitini na sita alisimama palepale chini ya mlango, akanyoosha mikono kama mwaka ule. Akasema polepole, nasi sote tukasikia, "Niamini, mama. Njoo." Wakamteremsha kwake, sisi wengine tukishikilia pembeni. Hakuruka. Hakuna aliyeteleza.

Mlangoni akabaki Waziri, anafuta macho. Akataka kushuka. Hapo wanawake wa Ilolangwe wakaweka kanga zao kwenye majani, wakakaa, wakaziba njia.

"Mtani," akasema mmoja wao, "kwenu tulitoa hongo. Leo msafara ni wenu. Toa."

Waziri akaingiza mkono mfukoni.

"Hela zako kaa nazo! Tunataka lini."

"Jamani watani. Hivi karibuni."

Hakuna aliyeinuka. Treni ikapiga honi. Ikapiga tena. Abiria wakatoa vichwa madirishani, wengine wakimshauri Mheshimiwa arudi tu akashukie Mwanza.

Akatazama jeneza, akamtazama Alois. Uso wake ukabadilika, na utani ukamtoka. "Nishusheni," alisema. "Nitajibu kesho mbele yake. Kwa maandishi, kama alivyotaka."

Basi wakaondoka njiani, na mjomba akageuza mgongo, akamwambia panda. Wanyamwezi tumebeba mizigo ya watu tangu enzi za misafara, na mjomba huyu, pamoja na umri wake, hajaangusha mzigo hata mmoja. Waziri ni mzito kuliko majibu yake. Tulifika jukwaani salama, viatu vikiwa vikavu.

Huko Dodoma wanajua wenyewe swali la mbunge aliyefariki linakwenda wapi. Kwetu linarithiwa, kama jembe na kama jina. Marehemu ameacha mume, Alois, watoto watatu, Advera, Kulwa na Doto, wajukuu watano, kaka zake wawili, mjomba mmoja ambaye tangu Jumanne hana wa kumuuliza kitu, na swali moja.

Kabla ya udongo, Mheshimiwa Waziri atakaribishwa mezani, kando ya picha. Nafasi yake tumeiacha hapa chini, katika kila nakala iliyo mikononi mwenu, ili ninyi nyote muandike atakachokiandika. Advera naye ni mwalimu kama mama yake, na kalamu nyekundu ameshaishika.

Swali: Je, jukwaa la kituo cha Ilolangwe litarefushwa lini?

Jibu: Tarehe ........ mwezi ........ mwaka ........

Getruda, lala kwa amani, binti yangu. Safari hii umepokewa. Kusahihisha tutasahihisha sisi.