Majina Manne Ubaoni

Pauni elfu moja na mia tatu kwa wiki, Hywel, na usinikatize tena, maana pumzi iliyobaki humu kifuani inamtosha msemaji mmoja na leo msemaji ni mimi. Unasema nyumba zote za wazee bondeni hapa zinatoza hivyo. Sibishani na bei, nyumba yetu nimeiuza kwa mkono wangu ili mimi na mama yenu tutunzwe hapa. Nauliza tumenunua nini. Delyth, mwanangu, futa machozi uvute kiti, na mlango uache wazi nimsikie mama yenu chumba cha pili.

Miaka thelathini nimechimba makaa chini ya mlima huu, paa likilia juu ya kichwa changu, wala sikuwahi kuogopa kama ninavyoogopa kwenye shuka hizi safi. Kule kila mtu alikuwa na vipande viwili vya shaba vyenye namba yake, kimoja unashuka nacho, kimoja anakitundika karani aliyetugawia taa za kushukia, mzee Idris. Kipande kikining'inia, mwenyewe yumo shimoni, na hakuna aliyefunga lango mpaka apatikane. Tulimtania, "Idris, hata wake zetu hawatuhesabu hivi." Naye akajibu, "Mkeo akikukosa ataolewa tena. Mimi nikikukosa nafukuzwa kazi."

Basi nilipoletwa hapa nikaona ubao mlangoni, majina ya wahudumu wa zamu yametundikwa kwenye kulabu, nilifurahi kama mtoto. Nikamwambia mama yenu, Ceinwen, hapa wanajua kazi.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, mama yenu aliteleza bafuni. Nilisikia kishindo. Kusimama siwezi, nikabonyeza kengele, nikatulia. Nikatulia, Delyth. Sikupiga kelele, kwa sababu asubuhi niliona majina manne ubaoni, na mchimbaji akiona majina manne anajua watu wanne wamo. Alikuwamo mmoja. Carys, peke yake, ghorofa mbili, wazee ishirini na saba, na saa ile alikuwa chini anamlisha mzee Pryce, ambaye ukimwacha na kijiko mdomoni anapaliwa. Alipofika, mama yenu alikuwa amelala majini, midomo ya buluu, anamwita marehemu baba yake.

"Babu, nigawanyike vipi?" Carys aliniuliza akilia. Sina neno naye, na nyie msiwe nalo. Nikamwita meneja, Prosser. Alisimama hapo ulipo wewe Hywel, mikono mfukoni. "Bwana Emrys, majina tunayaacha juu ili familia zisiwe na wasiwasi." Nikamwambia, "Kijana, kule shimoni ungetundikwa wewe." Akacheka, akidhani natania. Mwezi jana mkaguzi wa serikali naye aliutazama ubao, akaandika, akanywa chai, akaenda zake.

Tangu Jumapili hiyo nasikiliza ukuta. Mama yenu akikohoa, nangoja akohoe tena. Kengele hajui tena ni ya nini, anadhani ni ya kuzimia redio. Moto ukiwaka, nani atamshusha ngazi? Mlinzi wake ni mimi, na daktari ameshaniaga kwa macho. Naogopa, wanangu, naogopa kila ninapofumba macho, kwa sababu nikilala mimi hakuna aliye macho.

Sikilizeni basi. Saa ya ukutani ni ya Hywel. Baba yenu mdogo Gethin, niliyemnyima salamu tangu alipovunja mgomo, aje mazishini na akae mbele. Nyie wawili msigombane juu ya... nipe maji. Kidogo. Basi.

Kipande changu cha shaba kiko kwenye soksi, droo ya chini. Delyth, kitundike pale ubaoni, juu ya jina la mtu asiyekuja. Wakiuliza, waambie kuna mtu bado yuko shimoni, na ni mama yetu.

Mpewe pumzi ndefu kuliko yangu, nyie na watoto wenu. Mkono, Hywel. Hapa. Kesho, kabla ya kulipa wiki nyingine, simama mbele ya Prosser... usimpigie kelele. Mwambie tumelipia watu wanne. Awalete watatu waliobaki.