Risala ya Gati la Karungu Kuhusu Pumzi ya Nahodha Nicanor

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mochama, msimamizi wa usalama wa vyombo vya majini; wazee wa gati, akina mama wa samaki, na nyote mliofika mapema mkidhani kuna chakula:

KARIBU

Karibu Karungu. Tumefurahi kukuona, na tumefurahi zaidi kwamba umekuja kwa barabara, maana sasa umejua kwa nini sisi huchagua ziwa. Anayesoma ni Phelesia, mkata tiketi wetu. Tumemchagua kwa sababu haogopi mtu. Sisi wengine tukisimama karibu na mkaguzi wako Arasa hushikwa na kigugumizi.

TULIKOTOKA

Hatutakuficha. Kabla ya sheria yako ya kupima pombe, pombe ilikuwa baharia mwenzetu. Kuna asubuhi boti ya kwenda kisiwani Mfangano iliondoka imejaa abiria, ikazunguka, ikarudi papa hapa, na mwendeshaji akawaambia wamefika, washuke. Mama Moraa, aliyekuwa akienda mazishini, alishuka na kuanza kuomboleza kabla hajatambua kwamba amesimama mbele ya kibanda chake mwenyewe cha chai.

MAFANIKIO

Ndipo ukatuletea alkoblo, kile kifaa cha kupuliza. Kila asubuhi tunapanga foleni na kupuliza kabla ya kugusa kamba. Omondi, fundi wetu wa injini, sasa anafika kazini akijua ni siku gani. Watu wa visiwani wameacha kuagana na jamaa zao kana kwamba hawataonana tena. Sheria hii tunaipenda, Mheshimiwa, wala hatuombi iondolewe. Anayetaka iondolewe ni mwenye baa iliyo nyuma ya gati, naye hakuchangia hata kiti kimoja leo.

CHANGAMOTO

Changamoto ni moja, na jina lake ni Nicanor.

Nahodha Nicanor ni mzee wa kanisa. Tangu aokoke, hata dawa ya kikohozi haonji bila kusoma chupa. Lakini kwetu hapa, boti ikitoka kutengenezwa hupokewa kama bibi harusi: nahodha hujaza busaa, pombe yetu ya kienyeji, mdomoni na kuupulizia uso wa boti kabla haijagusa maji. Hamezi. Anayemeza amemwibia bibi harusi. Mwaka juzi Nicanor, kwa ajili ya wokovu wake, alitumia soda ya machungwa. Injini ikazima katikati ya ziwa, na abiria wakamwimbia nyimbo ambazo si za kanisani. Tangu hapo akarudia busaa, akitema na kutubu papo hapo.

Mwezi uliopita aliipulizia boti, akapangusa midomo, akaingia kwenye foleni. Kosa lake ni hilo: alianza na bibi harusi, akamalizia na serikali. Alkoblo ikapiga kelele. Nicanor aliomba asukutue kwa maji, asubiri kidogo, apulize tena. Mkaguzi Arasa alikuwa amesimama hapo akiona kila kitu, na matone mengine yalikuwa yamemrukia shatini. Alimjibu, "Mzee, mashine haijui desturi. Kupuliza ni mara moja." Leseni ikachukuliwa.

Habari ilimtangulia nyumbani. Rael, mkewe, hakufoka. Alimwuliza tu, "Baba Lynnet, ulianza lini?" Nicanor alitoka nje akakaa, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Kanisani wameomba apumzike kwanza kushika sahani ya sadaka. Lakini yeye anasema kinachomuuma zaidi ni walevi wa hapo mjini Sori. Zamani walimkwepa njiani wakiogopa mahubiri. Siku hizi wanamsogezea kiti.

"Omera, ndugu yetu, keti, wacha aibu," wanamwambia. "Hata sisi tulianza na kutema."

Kamati yako inaketi Ijumaa. Ikithibitisha adhabu, Nicanor hataendesha chombo tena maishani mwake. Jambo hili linatuuma sana, Mheshimiwa, na tunalisema bila kuzunguka.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi manne, likiwemo la choo. Tumeyakata. Yanayofuata hayakuchapwa, Phelesia ameyaandika kwa kalamu sasa hivi, akiegemea mgongo wa Omondi.

Mheshimiwa, umetoka tu kutuzindulia boti yetu mpya. Kwa kuwa nahodha wetu haruhusiwi kuigusa, wazee walikupa wewe kibuyu cha busaa, nawe ulipuliza vizuri kuliko tulivyotarajia. Hatukukuona ukimeza. Ratiba inasema baada ya risala hii utashika usukani na kutuvusha ghuba. Nayo sheria yako, ile iliyobandikwa pale mlangoni, inasema hakuna atakayeshika usukani kabla ya kupuliza, awe nani.

Arasa ndiye huyu. Alkoblo ndiyo hii.

Ikinyamaza, tutamwambia Nicanor atafute jembe. Amesimama kule nyuma kwenye nyavu, amekataa kusogea mbele. Ikipiga kelele, tutajitahidi tusicheke. Tutakuletea maji usukutue, tutakaa nawe kivulini mpaka busaa iishe mdomoni, kisha utapuliza tena, kwa sababu sote hapa tunajua wewe si mlevi. Ombi letu ni hilo tu: utakavyotendewa wewe leo, ndivyo iandikwe kwenye sheria, na ndivyo kamati imhesabie Nicanor siku ya Ijumaa.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akulinde barabarani ukirudi, akupe afya na pumzi ndefu, maana foleni ya leo inaanza na wewe.

Ni sisi,
Mabaharia, Mafundi na Wakata Tiketi wa Gati la Karungu