Chuma Hakina Mkwe

Muuguzi aliyekaa nyuma ya kijana na mzee basini hakukusudia kusikiliza, lakini masikio hayana pazia.

"Tangu ibadilishwe ekseli ya nyuma, kile chuma cha magurudumu, pikapu inanguruma," alisema kijana wa dirishani. "Tena inavuta kushoto."

Mzee mwenye mkoba wa spana hakugeuka. "Umepima toka gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili?"

"Bado."

"Pima kwa kamba. Upande mmoja ukizidi, ekseli imekaa mshazari. Ifunguliwe, ifungwe upya, kabla haijamwaga watu."

Kijana akageuzia uso dirishani. Muuguzi aliijua hali hiyo. Wagonjwa hugeuza uso hivyo wakishaambiwa kwamba dawa yao ni kisu.

"Tatizo, mzee wangu, aliyeifunga ni baba mkwe. Fundi wa miaka arobaini. Na pikapu hiyo ndiyo inayopeleka wanangu shule. Nitamwambiaje?"

"Mkwe ni wako. Chuma hakina mkwe."

"Ungekuwa wewe ungesema?"

"Mkwe wangu alikuwa mshonaji," mzee akajibu. "Mungu alinihurumia." Akatoa kamba mkobani, akamtilia kiganjani.

Basi liliposimama na kijana kushuka, pikapu ilikuwa ikingoja kando ya barabara, wanawe wawili wamo ndani, na baba mkwe akifuta kioo kwa leso yake mwenyewe.

"Karibu, mwanangu. Leo nimeisikiliza njia nzima. Imetulia kama maji mtungini."

"Shikamoo, baba," kijana akasema, mkono wake mmoja mfukoni, umeishika kamba ya mzee.