Mlango Juu ya Keria

Hiace yetu ya kwenda Bariadi ilibeba mlango wa mbao juu ya keria. Mwenye mlango, mama mmoja kijana, alikaa mbele yangu. Mzee aliyekaa naye akamuuliza, "Mayu, mama yangu, unajenga?"

"Nahama, baba. Mwenye nyumba alitaka nitoke, nikagoma, akang'oa mlango. Nimelala wazi na watoto. Watu wa ustawi wa jamii wamenitafutia chumba Bariadi, ila hakina mlango."

"Ndiyo ukachukua wa kwake? Huo ni wizi!"

"Si aliutupa mwenyewe uani?"

"Aliutupa uani kwake!" Mzee alifoka kana kwamba ni yeye aliyeibiwa. "Hata mimi nina wapangaji."

"Na wewe unawang'olea?"

Mzee aliangalia mashamba ya pamba ya watu yakipita dirishani, yote. "Mmoja tu. Alikuwa msumbufu."

"Alikuwa na watoto?"

Gari likasimama stendi. Konda akaushusha mlango, akauliza nani anashika upande wa pili. Mzee akaushika.

"Bado ni wizi," akamwambia yule mama. "Ila usiuburuze, utavunja bawaba."