Historia ya Mama Pini, Aliyeishonea Roketi Nguo

Wazazi wetu, majirani, wafanyakazi wenzake, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mje kukaa nasi, familia inawasomea maisha ya binti yetu kwa ufupi, ingawa maisha yenyewe hayakubali kufupishwa, maana mtoto aliyeanza kwa kushona matambara ya kufutia vumbi ametutoka akiwa ameacha mshono wake juu ya mawingu.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Pini, alizaliwa Jumanne, tarehe 13 Machi 1979, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mikate, akiwa kitinda mimba wa dereva wa lori na mshonaji wa magunia. Mkunga alimwinua akacheka, akasema huyu kaja na ngumi zimefumbwa, kuna kitu kakishika hataki kimponyoke, na mama yake analikumbuka neno hilo mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1995, na huko ndiko alikokutana na mwalimu mkali aliyekuwa akiwaambia wanafunzi kila jioni kwamba sindano zilizotoka mkebeni ndizo zirudi mkebeni, kwa kuwa sindano iliyopotea haijapotea, inamngoja mtu. Wenzake walimtania kwamba anahesabu sindano kama kuku wanaoingia bandani, naye akawajibu, chekeni tu, mimi sitamchoma mtoto wa mtu.

Mwaka 1996 alifungua kibanda cha ushonaji karibu na stendi, akashona sare za shule na magauni ya maharusi kwa miaka ishirini na miwili, na ni hapo kibandani alipomfahamu fundi wa friji aliyeleta suruali ya kazi ibadilishwe zipu, akairudisha mara tatu akidai zipu inakwama, hadi marehemu akamwambia, kaka, zipu nzima, sema kilichokuleta. Walifunga ndoa tarehe 23 Agosti 2003, wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 2005 na mwana mwaka 2009, ambao wako hapa mbele yenu.

Mapema mwaka 2018 aliingia kibandani mhandisi mmoja, ambaye wenzake humwita Miwani, mkononi ana kitambaa chembamba kinachong'aa kama karatasi ya biskuti, ambacho mafundi watatu walijaribu kukishona wakakichana, akauliza, mama, unaweza kukishona hiki bila kukijeruhi? Marehemu akakipapasa, akauliza nani atakivaa, akaambiwa, roketi. Alicheka hadi akaweka mkasi chini, kisha akauliza, haya, kiuno sentimita ngapi? Miwani, wala hakutabasamu, akajibu, mia moja na ishirini.

Basi tarehe 4 Juni 2018 akaajiriwa katika kampuni aliyofanya kazi Miwani, kampuni changa ya watu binafsi, inayotengeneza roketi ndogo za kurushia setilaiti ndogo, watu ishirini na sita ndani ya ghala lililokuwa la magodoro, na kazi yake ikawa kushona mashuka ya kuifunika mitambo ya kichwa cha roketi isiungue wala kuganda, pamoja na shuka dogo la kuivika setilaiti yenyewe, ambayo haizidi ukubwa wa kreti ya soda. Mama yake alimuuliza zaidi ya mara kumi, hicho chombo huko juu kitashikwa na nini? Akawa anamjibu taratibu, hakishikwi, mama, kinaanguka kila saa, ila kinakwenda mbio hata ardhi haiwahi kukidaka. Mama akashika kidevu.

Roketi ya kwanza, mwaka 2020, iliruka sekunde arobaini ikaanguka, ya pili, mwaka 2022, ikavuka mawingu ikapasuka, na ya tatu ikajulikana wazi kuwa ya mwisho, ikishindwa ghala linafungwa na kila mtu anarudi kwao. Walipewa ruhusa ya kuirusha, anga ikifungwa ndege nyingine zisipite, hadi tarehe 12 Mei 2024 tu.

Jumatatu tarehe 6 Mei, kichwa cha roketi kimekwisha kufungwa, marehemu alihesabu sindano zake akakuta kumi na moja, akahesabu tena, kumi na moja, na mkebe wake ni wa sindano kumi na mbili. Hapa tuseme kweli kama alivyotaka mwenyewe isemwe, kwamba tangu Januari vidole vyake vilikuwa vinakufa ganzi, na alikuwa ameficha, hata mumewe hakujua, kwa hofu ya kuondolewa katika kazi aliyoipenda kama pumzi, na alijua kwamba akiitaja sindano ataulizwa imemponyokaje. Alikaa na mkebe mapajani kama robo saa, kisha akaenda kwa Miwani akasema, baba, sindano yangu imo ndani, na mikono yangu haisikii tena.

Wapo waliomgeukia, mmoja akasema, mama, umetuzika, lakini Miwani akaagiza roketi ifunguliwe, wakafungua siku mbili, na siku ya pili wakaikuta, imelala kwenye mkunjo wa shuka, kati ya nyaya mbili, hakuna nafasi ya punje ya mchele. Miwani akamwendea akasema, mama, mikono tutaazima kwa mwingine, ila moyo wa kuhesabu hivyo hauazimwi, akamkabidhi kazi ya kuhesabu kila chombo kinachoingia na kutoka mle ndani.

Jumapili tarehe 12 Mei, siku ya mwisho, saa moja na dakika ishirini asubuhi, marehemu akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ubavuni mwa mama yake, roketi iliinuka, ardhi ikatetemeka hadi miguu ya kiti ikacheza, na mama mtu, aliyekula chumvi nyingi, akasema, Mungu wangu, kitambaa cha mwanangu, kitambaa cha mwanangu.

Madaktari waligundua uvimbe kwenye uti wa mgongo, shingoni, wakamfanyia upasuaji Oktoba 2024, akapata nafuu kisha akazidiwa, akafariki Jumatano, tarehe 19 Februari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitano, mumewe amemshika mkono ambao haukusikia, akamwekea mkono wake mwingine shavuni ili asikie.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kufua kwetu bila kuitwa, na watu wa ghalani, ambao wametuambia kwamba leo saa nane na dakika kumi, wakati tukimfukia, setilaiti ile, inayozunguka dunia tangu asubuhi ile ya Mei, itapita juu yetu, hatutaiona kwa mwanga wa jua, lakini itapita, imevaa.

Mama yake ameomba tumalizie na hili. Asubuhi ya leo mkebe umefunguliwa mbele ya watoto, zikahesabiwa kwa sauti, na zimetimia kumi na mbili. Hakuna kilichokuponyoka, binti yetu, fumbua ngumi sasa, pumzika kwa amani.