Breki ya Placide

"Baba Michel, pikipiki tupu na yenye muzigo zikifunga breki kwa mwendo uleule, zinasimama fasi moja, pahali palepale!" Naomie alishangilia akiwa amepakiwa nyuma kwenye pikipiki, simu mkononi. "Mwalimu wa video amepiga hesabu yote ya kitabu, uzito ukafutika pande zote!"

Abiria mwenzake, mzee Michel, alikumbatia gunia lake. "Huyo mwalimu alibeba mpunga lini? Yenye muzigo inachelewa kusimama. Kila mutu anajua."

Placide, motari aliyewaendesha, aliwahi kubeba hata mbuzi watatu pamoja, lakini hakuna aliyemuuliza. Katikati ya mteremko wa Lusangi, penye mwembe, alifunga breki ghafla. Pikipiki iliposimama, akachora mstari penye gurudumu.

"Tumefika?" Michel aliuliza.

"Bado. Mushuke na gunia," Placide alisema, akigeuza pikipiki kurudi juu. "Ninateremuka tena peke yangu kwa mwendo uleule, ninafunga breki penye mwembe, tuone kama nitafika mustari."